Jibu Ambalo Espérance Alilingoja

Sikiliza, wewe uliyeitwa kuketi kwenye juri ya waamuzi kwa mara ya kwanza. Najua umeshaambiwa uje na kalamu mbili na nguo iliyopigwa pasi. Hayo ni mazuri. Mimi nimeamua mashindano ya hotuba na midahalo ya wanafunzi karibu maisha yangu yote ya ualimu, katika wilaya za Masisi na Walikale, na ningependa kukueleza kazi yenyewe polepole, kama vile tumeketi benchi moja.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Shasha, upande wa Masisi, kando ya ziwa. Nilikuwa mwalimu mpya wa Kifaransa, sijaolewa bado. Rais wa juri alikuwa Papa Inspekta, mkaguzi wa shule, mtu mrefu asiyevua kofia hata ndani ya darasa. Madirisha yalikuwa wazi na harufu ya samaki iliingia pamoja na kelele za soko. Mtoto wa kwanza akasimama, akasalimu, nami nikaanza kuandika mbio. Papa Inspekta akaweka kiganja juu ya karatasi yangu.

"Mademoiselle, mutoto bado hajasema kitu. Uko unaandika nini? Rangi ya viatu yake?"

"Naandika namna alisimama, Papa."

"Tia kalamu chini. Sikia kwanza. Karatasi haina miguu, haitakimbia."

Karatasi hiyo ya pointi ndiyo chombo chetu. Ina sehemu ya hoja, yaani sababu anazotoa mtoto na mifano yake. Ina sehemu ya majibu, yaani namna anavyozikabili hoja za mwenzake. Ina sehemu ya mwenendo: sauti, macho, kusimama. Mwisho kuna muda. Mshika saa huketi pembeni na kengele ndogo. Akiipiga, mtoto anamaliza sentensi aliyoianza, na yatakayofuata hatuyahesabu hata yakiwa matamu. Waamuzi wapya huvutwa sana na sauti kubwa na maneno ya kuteleza. Usiwacheke, hata wewe utavutwa. Ukiona umevutwa, jiulize tu: mtoto huyu amesema nini?

Kutoka Shasha nilihamishiwa Hombo, upande wa Walikale. Mkuu wa shule alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mzaliwa wa Walikale, ambaye tulimwita Mama Prefe. Waalimu wawili wakigombana ofisini mwake, alikuwa anawaambia: "Rudisha kwanza maneno ya mwenzako. Kisha utakasirika vile unapenda." Sikuelewa mpaka nilipoalikwa kwenye kikao cha familia yake kuhusu shamba. Pale mtu hakumjibu mwenzake kabla ya kumrudishia maneno yake: ulisema hivi na hivi, ni kweli? Mwenzake akikubali, ndipo jibu linaanza. Asipokubali, anasahihisha, na yule anarudisha tena. Kumjibu mtu ambaye hajakubali maneno yake kulihesabiwa kuwa kumpigia kelele.

Niliiweka desturi hiyo moyoni, nikarudi Masisi, na miaka ikapita. Kisha ikaja finali ya Kashuga.

Shule moja ya Masisi ilikutana na shule moja ya Walikale. Washindi wangekwenda Goma kushindana mbele ya jimbo zima. Msemaji mkuu wa Walikale alikuwa Espérance, msichana wa mwaka wa sita, ule wa kumaliza sekondari, kwa hiyo nafasi hiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Baba yake alitoka naye msituni kwa pikipiki, suruali imejaa tope hadi magotini. Asubuhi alinisalimu mimi jaji kwa mikono miwili.

"Mama Jugi, huyu akipita leo, mi nitamufuata Goma hata na mguu. Sijawahi kusikia mutoto wangu anasema mbele ya watu wakubwa."

Nilimjibu kwamba tutawasikiliza wote. Mwamuzi hana ruhusa ya kuahidi zaidi ya hapo.

Mada ilikuwa: kila shule iwe na shamba, na wanafunzi walilime. Masisi walitetea, Walikale wakapinga. Msemaji mkuu wa Masisi, Janvier, alikuwa kijana wa maneno mengi na tabasamu. Alieleza vizuri: shamba la maharagi litawalisha wanafunzi wanaotoka mbali, tena litawafundisha kazi. Ukumbi ukapiga makofi. Watoto wa kambi ya wakimbizi ya jirani, waliokuwa wamejaa madirishani, wakapiga pia.

Espérance akasimama kujibu. Hakutuangalia sisi, alimgeukia Janvier.

"Kaka Janvier, ulisema shamba ya shule italisha wanafunzi wa mbali. Njo ivyo ulisema?"

Kisha akanyamaza, akingoja.

Janvier alifungua mdomo, halafu akaona saa mkononi mwa mshika saa. Akafunga mdomo, akatabasamu. Wenzake walielewa mara moja.

"Kaa bubu, Janvier! Acha akule saa yake!"

"Dada wa musitu, endelea! Hapa si matanga!"

Mwalimu wa Walikale alikuwa anamfanyia ishara kwa mikono yote: songa, songa. Espérance akatikisa kichwa. "Siwezi kumujibu neno yenye hajakubali ni yake. Kaka, kama nilikosea, unirekebishe. Nitangoja."

Mdahalo ukiendelea, mwamuzi hasemi neno. Nilishika kalamu yangu kwa nguvu, nikimtazama baba yake aliyeegemea ukuta. Hakuonekana na wasiwasi hata kidogo. Kwake, binti alikuwa anafanya kitu cha kawaida kabisa. Mimi ndiye niliyeona saa ikienda na Goma ikienda nayo.

Vicheko vilianza kupungua, kwa sababu msichana hakukasirika wala hakuomba. Alimtazama tu Janvier kama mtu anayemwamini. Tabasamu la Janvier likaisha polepole. Mwishowe akasimama.

"Njo ivyo nilisema, dada. Na umeisema muzuri kunipita."

Ukumbi ukacheka, safari hii kwa upole. Espérance akasema, "Aksanti, kaka. Sasa, mutoto wa mbali anafika shule amechoka na hajakula. Ukimupa jembe leo na maharagi kisha ya miezi, ile miezi yote nani anamulisha?"

Kengele ikalia.

Wasemaji wengine wa pande zote mbili walipomaliza, tuliingia darasa la pembeni kujadiliana: Papa Inspekta, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye fimbo, Padri aliyefundisha falsafa, na mimi.

"Hoja moja tu," Padri alisema kwa masikitiko. "Muda wote umepotea. Tutafanya nini?"

Papa Inspekta akanigeukia. "Mama, ulisikia nini?"

"Nilisikia jibu moja," nikasema, "lakini ndilo jibu pekee la leo lililogusa maneno ya mwenzake yalivyosemwa. Wengine wote walijibu walichokuja nacho kutoka nyumbani. Kwenye majibu nampa pointi zote. Kwenye hoja na muda siwezi kumpa asichokuwa nacho."

"Na Janvier kunyamaza?"

"Sheria haikumkataza, Papa. Na alisimama mwenyewe."

Tulijumlisha. Masisi walipita, kwa tofauti ndogo sana. Papa Inspekta alivua kofia yake, akaishika magotini kwa kitambo, kisha akatoka kutangaza.

Kazi ya mwamuzi haiishii kwenye tangazo. Aliyeshindwa ana haki ya kuelezwa kwa nini, ili arudi nyumbani na kitu mkononi. Nilimwita Espérance pamoja na baba yake, nikamwonyesha kila sehemu ya karatasi.

"Mama," akauliza, "ningeacha kungoja, ningepita?"

"Ndiyo, mwanangu. Nafikiri ungepita."

Alifuta macho kwa kitambaa cha kichwa chake. Baba yake akamshika bega. "Mi nimeshasikia. Watu wakubwa walikuwa hapa pia. Twende, mvua iko karibu."

Goma nilikuwepo, nimeketi kati ya wasikilizaji. Zamu ya Janvier ya kujibu ilipofika, alimgeukia mpinzani wake, msichana mwenye miwani, akasema: "Dada, ulisema hivi na hivi. Njo ivyo?" Akanyamaza, akingoja. Majaji walitazamana. Mpinzani, kwa mshangao, akasema ndiyo. Papa Inspekta aliyekuwa pembeni yangu akanong'ona, "Angalia mutoto huyu. Njo Espérance amefika."

Mwaka uliofuata, karatasi ya pointi katika mashindano yetu iliongezwa sehemu: amerudisha maneno ya mwenzake. Na mshika saa akaagizwa kuisimamisha saa wakati mtoto anangoja kukubaliwa.

Sasa nimestaafu. Magoti hayataki tena pikipiki. Ninalima maharagi yangu na kusahihisha hotuba za wajukuu jikoni. Espérance ni mwalimu huko Walikale, na kwenye juri yako ya kwanza utamkuta amekaa kiti cha rais. Usimwogope. Hata kofia hana.

Kwa hiyo, mtoto wa kwanza akisimama, tia kalamu chini. Akimuuliza mwenzake "njo ivyo ulisema?", mpe mshika saa ishara aisimamishe saa, kisha mtazame yule aliyeulizwa, na ungoje pamoja nao.