Ukumbi wa Kusomea Waliopewa Watoto

Nilipomaliza chuo nilirudi kwetu na shahada ya uchumi ambayo hakuna mtu mjini aliyeihitaji, pamoja na tabia ya kulifikiria jambo moja mpaka linachacha. Mji wetu ni mdogo, uko kando ya barabara kuu upande wa Gilgil, na mtu asiye na kazi huonekana haraka. Ukipita mbele ya duka mara mbili asubuhi moja, mwenye duka anakuuliza kama umepata kitu. Mama hakuniuliza, lakini alifagia sebule akinizunguka pale nilipoketi, na mimi nilisikia maswali yote katika ule ufagio. Ndiyo maana nikaanza kwenda maktaba.

Ni jengo la mawe lenye ukumbi mmoja wa kusomea, rafu zilizopangwa kandokando ya kuta, na ofisi ndogo kwa nyuma. Mgeni angedhani watu wanaingia mle kuazima vitabu. Wengi wetu tulikwenda na vitabu vyetu. Kulikuwa na binti aliyesomea mitihani ya uhasibu, ambaye alibeba mkoba mzito kama wa fundi. Likizo zikifika walijaa watahiniwa wa kidato cha nne. Wengine walikuja kwa sababu ya soketi, ili wachaji simu huku wamefungua kitabu chochote mbele yao. Mzee mmoja mstaafu, mwenye kofia nyeupe ya kufumwa, alikuja kwa ajili ya gazeti. Alilisoma lote mpaka matangazo ya vifo, na hakuna aliyeligusa kabla yake. Sisi sote tulitaka kitu kimoja kutoka maktaba: mahali pa kukaa mchana kutwa bila mtu kutuuliza tunangoja nini.

Viti havikutosha. Aliyefika mapema alimshikia mwenzake kiti kwa kukitupia sweta, na sweta hiyo iliheshimiwa kuliko mtu mzima aliyesimama. Nakumbuka asubuhi nilipochelewa nikakuta sweta ya binti wa uhasibu kwenye kiti cha dirishani. Nilikuwa nageuka niondoke.

"Wee, unaenda wapi?" akaninong'oneza. "Hicho ni chako. Unadhani mimi nina makalio mawili?"

Nilikaa. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuo nilihisi kuna mahali ambapo ningekosekana.

Mkutubi tulimwita madam. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba, na ofisini alikuwa na birika la umeme. Sijui kwa nini alinichagua mimi, lakini ukumbi ulipotulia alinipungia mkono kupitia dirisha la ofisi, nami nikaenda kunywa chai. Nilimweleza kila kitu: usaili niliofanya Nakuru nikasahau jina la kampuni niliyoomba, namna nilivyoamka usiku kuhesabu watu wa darasa langu waliokwisha kuajiriwa, na hofu yangu kwamba labda tatizo si nchi, ni mimi. Hakunipa mawaidha. Alisikiliza akikoroga chai.

"Wewe unafikiria kwa niaba ya lokesheni nzima," aliwahi kuniambia. "Wengine nao wafikirie kidogo."

Halafu tangazo likabandikwa mlangoni. Kaunti ilipendekeza kubadilisha matumizi ya ukumbi wa kusomea, na wananchi waliombwa kufika kutoa maoni. Halikusema utabadilishwa uwe nini. Mezani kwetu tulisoma neno "kubadilisha" tukaelewa kuwa tunafukuzwa.

"Na mtihani wangu ndio huu unakuja," binti wa uhasibu akasema. "Nyumbani tumejazana, na TV haizimwi hata tukilala. Nitasomea wapi? Kwa choo?"

"Na gazeti je?" mzee wa kofia akauliza, kwa sauti iliyofanya ukumbi mzima ugeuke. "Gazeti litapelekwa wapi?"

"Utaletewa nyumbani, mzee. Kama waziri."

"Usinichezee, msichana. Mimi nauliza la maana."

Tulikubaliana kwenda kikaoni pamoja, na mmoja wetu aongee kwa niaba ya wasomaji. Mimi niliona wazi kuwa mtu huyo ni binti wa uhasibu. Aliwahi kumnyamazisha afisa wa stima mbele ya umati, na yule afisa akaishia kumwomba radhi. Nikaenda kumwambia madam mpango wetu, kwa sababu sikupanga lolote bila kumwambia.

"Huyo akishika maiki atatukana mtu," madam akasema. "Ongea wewe. Wewe una lugha."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikauliza, "Na wewe madam, utatutetea?"

"Nikiulizwa nitasema ukweli."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Katika akili yangu ukweli ulikuwa upande wetu, na madam alikuwa upande wa ukweli, kwa hiyo hesabu ilikuwa imekamilika. Kila siku kabla ya kikao nilirudi ofisini kwake na karatasi yangu. Nilimsomea hoja, naye akanirekebisha: hili lipeleke mwanzo, hili linachosha, hapa umesema jambo moja mara mbili. Nilimwambia hata mahali tulipokuwa dhaifu.

"Wasije wakajua habari ya soketi," nilisema. "Wakijua nusu yetu tunakuja kuchaji simu, watatucheka."

Akaniongezea chai.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wenyewe. Meza zetu zilikuwa zimesukumwa ukutani, na viti vya plastiki vikapangwa kama vya harusi. Tulidhani tutakuwa peke yetu, lakini mistari ya mbele ilikuwa imejaa akina mama, wengine na watoto mapajani, na chifu ameketi karibu na afisa wa kaunti aliyetoka Nakuru. Afisa alisimama akaeleza. Meza za watu wazima zingeondolewa. Ukumbi ungekuwa wa watoto wa shule za msingi, wenye viti vya chini, vitabu vya picha na kompyuta chache.

"Na si sisi tuliolileta jambo hili," akasema. "Lilitoka hapa hapa. Huyu madam ametuandikia kwa miaka, ametusumbua mpaka tukachoka. Madam, simama wakuone."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilimtazama, nikingoja acheke au atikise kichwa, chochote cha kuonyesha kuwa afisa amekosea. Alisimama akavaa miwani yake. Hakuangalia upande wetu.

Alisema watoto wakitoka shule wanachungulia mlangoni, wanakuta kila kiti kina mtu au kina sweta, wanarudi kucheza kando ya barabara ya malori. Alisema sisi watu wazima anatupenda, ila hatuji kwa ajili ya vitabu vyake. Kuna vingine havijafunguliwa tangu vitolewe kwenye maboksi. Halafu akasema:

"Mimi sikusomea ukutubi ili nilinde soketi."

Ukumbi ulicheka. Hata nyuma, waliko wachaji simu wenyewe, walicheka. Mimi nilisikia joto likipanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Neno lile nilikuwa nimempa mwenyewe, mkononi, pamoja na kikombe.

"Mwakilishi wa wasomaji yuko?" afisa akauliza.

Nilisimama na karatasi yangu. Nilipoitazama niliona kwamba kila hoja iliyoandikwa pale ilikuwa imejibiwa tayari, kwa mpangilio ule ule tulioupanga naye. Mbele yangu mtoto mmoja alikuwa amelala kwenye bega la mamaye. Nikaanza kwa kusema kwamba sisi hatuwapingi watoto. Kisha nikaona si haki kuishia hapo, nikaeleza kwa nini watoto wanahitaji ukumbi. Kisha nikasema, hata hivyo, lakini pia, ingawa kwa namna fulani. Nilijisikia nikizama na sikuweza kufunga mdomo.

"Kijana," chifu akasema, "wewe uko upande gani?"

Walicheka tena. Nikaketi. Binti wa uhasibu alikuwa ameshasimama, mkono juu, lakini afisa alimwambia kwa upole kwamba wasomaji wameshaongea.

"Huyu? Huyu ameongea?" akasema akinielekezea kidole. "Huyu amewaombea nyinyi!"

"Keti, mrembo. Muda hauturuhusu."

Waliokubali wakaambiwa wainue mikono. Mikono ilikuwa mingi, na wa mzee wa kofia ukiwemo. Baadaye alituapia kwamba alidhani wanauliza nani hajapata soda.

Sikulala vizuri kwa muda mrefu baada ya hapo. Kupoteza kiti kuliniuma, lakini kiti ningekizoea. Kilichonirudia ni zile alasiri za ofisini. Nilizipitia moja moja: aliposema hili lipeleke mwanzo, alikuwa anajua. Alipoongeza chai, alikuwa anajua. Na aliposema wewe una lugha? Hapo ndipo nilipokwama. Nilijiambia hapana, mtu mzima hawezi kupanga hivyo. Nikajiambia anaweza. Nilibishana na nafsi yangu mpaka meza zikaja kubebwa kwa lori, na asubuhi moja nikaenda kumuuliza.

Watoto walikuwa tayari ukumbini, darasa zima la masweta ya kijani, wakisoma kwa sauti za kunong'ona zinazosikika mpaka nje. Palipendeza. Nilitamani pasipendeze.

"Kwa nini hukuniambia, madam?"

"Ningekuambia, ungelala?"

"Sikulala hata hivyo."

Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Uliniambia niongee kwa sababu ulijua nitashindwa?"

Nilitaka akatae upesi, akasirike hata, anifukuze. Alichukua kitambaa akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Nilikuambia kwa sababu wewe huwezi kulichukia jambo zuri ati kwa vile linakuumiza," akasema. "Mwenzako angeweza. Angewasha moto hapa, wazazi wangetishika, na hawa wangengoja miaka mingine."

"Kwa hivyo ndiyo."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mwanangu."

Halafu akaniambia kuwa kona ya ofisi yake ina nafasi ya kiti kimoja. Wengine asingeweza kuwasaidia, lakini mimi nije wakati wowote, chai ipo. Nilikitazama kiti chenyewe. Kilikuwa kimoja cha vile vyetu, amekiokoa kabla ya lori. Niliweza kuona haki yake, na ya watoto, na ya wazazi. Niliziona zote zikiwa zimesimama mstari mmoja, na pembeni yake nikajiona mimi nikimsomea karatasi yangu, nikifurahi anaponirekebisha.

"Hapana, madam," nikasema, nikatoka kupitia katikati ya watoto.

Siku hizi mimi na binti wa uhasibu tunakaa kwenye kibanda cha chai nyuma ya kinu cha posho. Kinu kikianza kusaga hatuwezi kusoma hata mstari mmoja, na mwenye kibanda anapitapita akipangusa meza yetu ili tujue tumekaa sana. Mtihani wake aliufanya. Karatasi moja ilimwangusha. Hasemi ni kwa sababu gani, nami siulizi.

Juzi niliitwa tena kwa usaili Nakuru. Kabla ya kwenda nilikutana na madam sokoni, akichagua nyanya. Aliniuliza hali ya mama, nikamjibu. Aliniuliza kama nakula, maana nimekonda, nikamjibu.

"Nasikia umeitwa kwa usaili," akasema, akiwa ameshika nyanya moja. "Hukuniambia."

"Nilisahau, madam."

Alinitazama kidogo juu ya miwani. Tulijua sote wawili kwamba sikuwa nimesahau. Akairudisha ile nyanya kwenye rundo, akanitakia heri, nikasema asante.