Msiba Usio na Maiti

Mwaka huu sukari imerudi madukani Lembeni, lakini betri bado ni shida, na kipaza sauti cha kijiji chetu huku mlimani kimekufa. Ndiyo maana mwenyekiti wetu, Humphrey, alimwendea Mzee Eliezeri, mgonga kengele wa kanisa, akaomba kengele iite watu mkutanoni. Mzee akapokea shikamoo yake, akauliza, "Nikugongee ya ibada au ya msiba?" Humphrey akacheka, akaondoka kuita watu nyumba kwa nyumba.

Wanaosema wazee wetu waliinama tu mbele ya wakoloni, waje niwaoneshe mzee huyu.

Enzi hizo alikuwa kijana, tayari mgonga kengele, na kengele ni ileile, kipande cha reli kinachoning'inia kwa mnyororo. Mfumwa, chifu aliyelindwa na Waingereza, alitaka watu wakachonge barabara kwenye jabali, bure, mashamba yakiwa yanangoja mbegu. Baragumu lake likilia, watu walijificha. Basi akaamuru kengele ya kanisa iwaite, maana hiyo waliitii. Mchungaji aliogopa, akakubali. Eliezeri akikataa, ni jela. Akitii, nyumba ya Mungu inageuka mtego.

Akagonga. Pigo moja, kimya kirefu, pigo jingine: mlio wa msiba. Na kwetu mtu akifa, hakuna anayegusa jembe mpaka azikwe. Wakaja wote, Wakristo na Waislamu, wanawake na kuni na ndizi vichwani, wengine wameshaanza kulia. Sururu hata moja haikuonekana.

Mfumwa akauliza nani kafa.

"Bado hajafa, Mfumwa," akajibu Eliezeri. "Lakini jabali lile litaua mtu. Tumeona tumlilie mapema, tukiwa bado na nguvu."

Amiri, jirani yake Mwislamu, akataka kujua kama marehemu mtarajiwa ni wa msikitini au wa kanisani, wasije wakagombania kaburi. Kicheko kikaanzia kwa wanawake, kikamfikia hata tarishi wa Mfumwa. Kufukuza watu matangani hata yeye Mfumwa hakuthubutu. Ndizi zikapikwa, akakaa, akala. Barabara ikangoja mbegu zipandwe, kisha ikapitishwa kando ya jabali.

Mkutano wa Humphrey ulijaa. Mzee Eliezeri, ambaye hakugongewa kengele na mtu, alifika wa kwanza, akakaa mbele, na maswali yalipofunguliwa mkono wake ulikuwa juu tayari.