Bolti ya Mwisho ni ya Mwenyewe

Kwanza ulikuja mlio. Mwembamba, kama mbu aliyenaswa ndani ya kopo, ukatoka chini ya tangi la pikipiki yangu kabla sijaona chochote. Kioo cha taa kilikuwa bado cheusi. Kisha kikawaka zambarau, kikapauka, na ghafla ukuta wa ghala lililokuwa ng'ambo ya gereji ukawa mweupe kama shuka iliyoanikwa. Mjusi mmoja akakimbilia kwenye paa.

"Hii si taa, buda," rafiki yangu akasema, akijipangusa grisi kwenye suruali. "Ni jua umefunga hapo mbele. Fisi wa Kinna wataona kumekucha, waanze kurudi nyumbani."

Tulicheka hadi akaketi kwenye gurudumu. Alikuwa fundi wa pikipiki pale Kiwanjani na rafiki yangu tangu darasa la pili. Miaka hiyo kaunti ilikuwa imesimika taa za barabarani mjini, nyeupe na ndefu, na ghafla kila mtu akaanza kuuonea haya mwanga wa manjano. Taa yangu ya zamani ilikuwa ya manjano kweli, tena ilifuata pumzi ya injini: ukivuta mafuta inang'aa, ukiachilia inasinzia. Nami nilikuwa na safari. Kila Ijumaa nilienda Rapsu kwa mjomba, kaka wa mama, mkulima wa nyanya. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, na nusu yake ilikuwa bado mdomoni mwake. Alisimulia huku akifungulia maji kwenye mifereji, mimi nikimfuata viatu mkononi, daftari limelowa pembeni. Sijawahi kupendwa na msomaji yeyote kama nilivyopendwa na mtu yule ambaye hajasoma hata ukurasa wangu mmoja.

Kazi ya kufunga taa hiyo mpya, ya zenoni, ilichukua siku nzima. Rafiki yangu alivuta nyaya mpya kutoka kwenye betri, akabana kile kisanduku kinachopandisha umeme, ambacho ndicho kinacholia, akaingiza balbu isiyo na waya ndani, gesi tupu. Zilibaki bolti mbili za pembeni zinazoshika taa isiinuke wala kuinama. Moja akaikaza yeye. Ya pili akanipa spana.

"Ya mwisho ni ya mwenyewe," akasema. "Bismillahi. Kaza."

Hiyo ilikuwa desturi ya gereji yake. Hakuna pikipiki iliyotoka pale bila mwenyewe kukaza bolti ya mwisho. Niliipenda desturi ile. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari, katika kurasa za vitu vya kuweka kwenye riwaya.

Lakini niliutazama ukuta. Mwanga ulikuwa umepanda hadi kwenye mabati.

"Si iko juu sana?"

"Iko sawa. Ukiishusha utaona vidole vyako tu. Unataka kuona mbali ama hutaki?"

Nilitaka kuona mbali. Nikakaza.

Ijumaa iliyofuata nilichelewa kuondoka mjini, na magharibi ikanikuta nimeshaipita Kinna, kwenye njia ya vumbi iendayo Rapsu. Nikawasha. Sitaki kudanganya: ilikuwa raha. Vichaka vya miiba viliinuka mbele yangu vyeupe, kila mwiba peke yake, na nilijiona kama mtu anayeuandika ulimwengu anavyokwenda. Mbele ikatokea taa ndogo ya manjano, inayosinzia na kuamka. Ikayumba. Ikatoka njiani. Halafu nikasikia mbao zikivunjika.

Alikuwa mjomba. Alikuwa anapeleka makreti ya nyanya Kinna yapakiwe gari la asubuhi. Nilimkuta ndani ya mtaro, pikipiki imemlalia mguu, nyanya zimetapakaa zikimeta chini ya taa yangu.

"Ondoa lori," alikuwa anasema, mkono umefunika macho. "Ondoa lori, kijana."

"Mjomba, ni mimi."

Akashusha mkono, akaniangalia. Hakusema neno jingine hadi hospitali.

Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Walipomruhusu kutoka akaletwa kwetu, akatandikiwa godoro sebuleni, na kila aliyekuja kumwona alisikia maneno yale yale: "Mimi niliona mwanga kubwa, nikasema hii ni lori ya jicho moja. Lori hapishi mtu. Mimi nikapisha." Watu walicheka, yeye akacheka nao. Nikiingia mimi na chai, kicheko kilikwisha. Alichukua kikombe bila kuniangalia. Wiki mbili hakuniambia kitu, si hadithi, wala hata salamu.

Mama ndiye aliyenieleza, tukiwa jikoni. "Anaamini uliiinua taa makusudi, kwa sifa. Barabara ambayo unajua yeye hupita."

"Haikuwa mimi, mama. Fundi alisema iko sawa."

"Basi na aje aseme. Ndugu yangu anataka kusikia kwa aliyeifunga."

Nilikwenda gereji. Rafiki yangu alinisikiliza akiwa amelala chini ya pikipiki ya mtu, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Nitakuja," akasema. "Nitasema haki. Wewe ni ndugu yangu."

Alikuja siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, amevaa kanzu safi, na paketi mbili za maziwa na kilo ya sukari. Nilimfungulia mwenyewe. Nilikuwa na furaha kama mtu anayeletewa barua.

"Salaam aleikum, mzee. Mguu unasemaje?"

"Waleikum salaam. Mguu unasema umechoka kulala." Mjomba akamwelekeza kwenye kiti. "Wewe ndiyo fundi ya ile jua?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Sasa niambie. Nani aliweka juu vile?"

Rafiki yangu akashusha macho. Gereji yake iliishi kwa pikipiki za wakulima wa Rapsu na Kinna, na mjomba alikuwa mtu anayesikilizwa kule. Najua sasa kwamba aliwaza hilo. Wakati ule niliona tu anavyotafuta maneno mazuri ya kunitetea.

"Wallahi, mzee," akasema polepole, "bolti ya mwisho iliyoshikilia taa ile, mkono wangu haukuikaza. Muulize yeye."

Mjomba aliniangalia, kwa mara ya kwanza tangu mtaroni.

"Ni wewe ulikaza?"

"Ni mimi, mjomba, lakini nilimwuliza..."

"Ulikaza ama hukukaza?"

"Nilikaza."

"Basi."

Nilimtazama rafiki yangu nikingoja aongeze. Alikuwa anakoroga chai. Hakuwa ameapa uongo. Kila neno lake lilisimama wima. Nikawaona wateja wote niliowahi kuwaona wakipewa spana ile, wanavyoinama na bismillahi yao, na sikujua, sijui hata leo, kama desturi ile aliianzisha kwa baraka au kwa siku kama hii.

"Vijana wa mjini," rafiki yangu akamwambia mjomba, kwa sauti ya huruma. "Wanapenda kuona mbali."

Mjomba akacheka kidogo, akamuuliza kama anaweza kunyoosha usukani wa pikipiki yake uliopinda. Fundi akasema anaweza, tena kesho. Wakazungumza habari za usukani hadi chai ikaisha. Kisha akainuka, akamwombea mgonjwa dua, na alipopita mbele yangu akanishika bega, kwa upole, kama anavyomshika mteja.

Mama, aliyekuwa amesikia yote, alimfuata hadi kizingitini. "Asante, baba. Mungu akulipe kwa kuja kusema ukweli." Akangoja avae viatu, akampungia mkono, akafunga mlango.