Hakika ya Bi Kheiria

Kwa miaka thelathini na moja Bi Kheiria alisomesha Kiingereza katika shule ya wasichana mjini Maskati, na miaka yote hiyo aligombana na neno moja: "certain". Wanafunzi wake walilimwaga kama chumvi. Waliandika kwamba wana hakika Oman ni nchi nzuri kuliko zote duniani, naye akapiga mstari mwekundu na kuuliza pembeni: umeshafika nchi ngapi? Waliandika kwamba wana hakika watakuwa madaktari, akauliza: nani kakwambia?

"Sure" aliwaachia. Hiyo, alisema, ni ya moyoni, na mtu huweza kuwa nayo kwa sababu ameshiba tu. "Certain" inataka ushahidi. Kwamba Waingereza hulitumia neno hilohilo wanapomsengenya mtu wasiyetaka kumtaja jina, "a certain person", hilo aliwaeleza mwisho wa mwaka, wakishafaulu mtihani.

Alipostaafu alibaki mtaa wa Darsait, ghorofa ya pili, mjane asiye na deni wala ugomvi. Mlango wa pili aliishi Bi Rawya na mwanawe Wael, mhandisi wa barabara, ambaye kwa miaka tisa alimpandishia Bi Kheiria katoni zake za maji ya kunywa.

Jumapili moja baada ya swala ya alasiri, alifika Bi Jawaher kutoka Khuwair ya Kusini, na kopo la haluwa mkononi. Wael alikuwa amemposa binti yake, Balqees, na watu wa mke, kama ilivyo ada, walikuwa wakiulizia.

"Wewe ni mtu wa kweli, Bi Kheiria, na mwanangu umemsomesha mwenyewe. Huyu kijana wamjuaje?"

"Nnamwona. Ananiamkia. Maji yangu hunipandishia yeye."

"Anasali?"

"Akiadhiniwa nnamwona akishuka ngazi. Huko aendako mimi sifiki."

Bi Jawaher alikiweka kikombe cha kahawa chini. "Hasira je?"

"Sijapata kumsikia. Lakini ukuta wetu mnene."

"Basi kwa jumla, una hakika naye?"

Mtu mwingine yeyote wa jengo lile angejibu mashaallah, kijana mzuri, hana neno, na kahawa ikaendelea. Bi Kheiria alihisi kama ameshika chaki.

"Hakika sina, Bi Jawaher. Nnadhani ni kijana mwema."

Mgeni akakitikisa kikombe, ishara ya kwamba kahawa imemtosha, akaaga.

Bi Kheiria aliuosha mdila wa kahawa kwa amani ya mtu aliyetoa ushahidi safi. Alichosahau kinajulikana na kila mtoto wa Darsait: habari za mposaji hazisemwi vibaya. Mlevi hatajwi ulevi wake, mkali hatajwi ukali wake. Anayejua ubaya husema tu, "simjui vizuri," na watu wa mke hushukuru, huondoka, hawarudi. Kwa lugha hiyo, "nnadhani" ya Bi Kheiria ilikuwa ni kumvua kijana nguo sokoni.

Jumatano Bi Rawya aligonga mlango hata kitasa kikacheza.

"Umewaambia nini watu wa Khuwair?"

"Kweli tupu."

"Ndiyo maana! Miaka tisa mwanangu mgongo unamuuma kwa maji yako, leo unamlipa 'nnadhani'? Jibu linatoka kesho, na lishajulikana. Kijana hali, hasemi. Mpigie yule mama!"

Bi Kheiria akapiga simu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema, kwa sauti iliyopanda kuliko alivyokusudia, kwamba ana hakika kabisa, mia kwa mia: Wael anasali, hana hasira, sigara hajapata kuishika.

Bi Jawaher akauliza polepole, "Jumapili hakika hii hukuwa nayo. Umeletewa na nani?"

"Nimefikiri."

"Rawya kaja kwako?"

Uongo mmoja kwa simu moja ndio uliokuwa uwezo wake wote. "Kaja."

"Basi, bibi. Ahsante."

"Mama, usikate!" Ilikuwa sauti ya Balqees, na kwa namna simu ilivyokwaruza, ilikuwa dhahiri kwamba ameinyang'anya. "Shikamoo, Mwalimu. Mara ya mwanzo ulimwambia nini Mama? Maneno yenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Nilisema nnadhani ni kijana mwema."

Msichana akacheka. "Mama, unasikia? Mtu huyu mimi niliandika nna hakika mamangu ananipenda, akanipigia mstari mwekundu!"

"Alipiga mstari?" Bi Jawaher alisikika kwa mbali, amehamaki. "Kwa ushahidi gani?"

"Ndivyo alivyouliza na yeye. Kwake 'nnadhani' ni sifa kubwa. Hii ya leo ndiyo inayonitisha."

"Na wewe mwenyewe una hakika naye?" mama alimgeuzia bintiye.

Bi Kheiria aliikaza simu sikioni. Alimkumbuka msichana yule safu ya pili, akitafuna kalamu.

"Sina," alisema Balqees. "Lakini nnamtaka."

Hatimaye Bi Jawaher alishusha pumzi, akasema kwamba kama ni hivyo, ndoa itangoja miezi sita, na hiyo ni pamoja na siku alizopoteza kunywa kahawa Darsait.

Jibu lilifika Alhamisi, na Bi Rawya alipiga vigelegele mpaka wapangaji wa chini wakatoka nje. Siku ya ndoa alimkalisha Bi Kheiria mbele, kwenye kiti cha heshima, akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Kunywa, shoga," akamnong'oneza, machozi yamemjaa. "Lakini mtu akikuuliza kama bwana harusi ni kijana mwema, wewe mlete kwangu."