Mpira wa Boda Kwenye Mto Nzoia

Rispah Nelima alifika kando ya Nzoia Jumatatu ile saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkoba wa spana begani, mita mbili za mpira mweusi zimeviringwa mkononi. Alikuta watahiniwa kumi na wanne wamesimama ukingoni na kalamu zao ndani ya mifuko ya nailoni. Karatasi ya kwanza ya kidato cha nne ilikuwa ianze saa mbili kamili, na shule iko ng'ambo. Mimi ni mwalimu wa kandarasi katika shule hiyo. Nilikuwa nimelala upande huu ili nivuke nao.

Daraja la miguu lilikuwa limebebwa na maji wiki tatu nyuma. La saruji tumeahidiwa katika kampeni tatu mfululizo, na mara zote tatu tulipiga makofi. Kuzunguka kwa barabara hadi Moi's Bridge, kwa matope yale, ni saa tatu nzima. Kwa hiyo maisha ya watoto hawa, miaka minne ya kusoma kwa taa ya koroboi, yalikuwa yanategemea boti moja kuukuu la kanisa na injini yake ya nyuma. Na Jumamosi injini hiyo ilikuwa imezima katikati ya mto.

Watu sita walikuwa ndani. Maji yaliwachukua karibu nusu kilomita hadi boti likanasa kwenye mkuyu ulioanguka. Hakuna aliyekufa. Lakini walipovutwa nchi kavu kwa kamba, walimgeukia dereva, Kizito, kijana wa Bungoma aliyewahi kuendesha maboti ziwani miaka miwili. Ati ameuza petroli akajaza maji kwenye tangi. Walimrarua shati, wakamvunja jino. Jumapili baada ya ibada, mwenyekiti wa kamati ya boti, Mzee Ngige, akatangaza kwamba Kizito amefutwa na kwamba kesho atafikishwa polisi. Rispah alikuwa benchi la tatu. Hakusema neno.

Lazima mjue Rispah ni nani ili muelewe uzito wa ukimya ule. Alizaliwa Chwele, akajifunza kutengeneza bodaboda mjini Bungoma, nyuma ya stesheni ya reli, wakati wanaume walikuwa wakisimama kumtazama kama sarakasi. Huu ni mwaka wa kumi na moja ana kibanda chake Moi's Bridge. Wote humwita Mama Emmy, na husemwa kwamba pikipiki isiyopona kwake ipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma. Kamati ilipotaka mtu wa kuangalia injini ya boti, haikutafuta mwingine.

Wiki mbili kabla ya ajali, mpira wa mafuta wa boti, ule unaotoka kwenye tangi kwenda kwa injini, ulikuwa umepasuka. Rispah akafanya kile ambacho kila fundi wa boda huku kwetu angefanya. Alikata kipande cha ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao sote tunaupenda kwa sababu unaona petroli ikipita. Akaufunga ncha mbili kwa blada, zile kamba za tyubu kuukuu tunazofungia kila kitu, kuanzia mzigo wa sukumawiki hadi mlango wa choo. Injini ikawaka mara moja. Watu wakamsifu.

Jumapili ile, alipotoka kanisani, hakwenda nyumbani. Alienda mtoni peke yake, akalifunga boti kwenye mti kwa kamba mbili na kuwasha injini. Ilinguruma vizuri. Akafungua mafuta hadi mwisho, kama dereva anayepambana na mkondo, akaukodolea macho ule mpira wake. Baada ya dakika moja ukaanza kunywea. Ukabonyea katikati, ukalala bapa kama utumbo mtupu, na injini ikakohoa mara mbili ikafa.

"Nilikaa hapo chini nikaona vile nimekuwa mjinga," aliniambia baadaye. "Kwa pikipiki tangi iko juu, mafuta inateremka yenyewe. Kwa boti tangi iko chini, injini ndio inanyonya. Mpira laini, mwembamba, ikinyonywa na nguvu inajikunja. Nilitengeneza boti kama ni boda."

Aliukagua zaidi. Ile blada ilikuwa imeanza kuyeyuka kwa petroli, ikinata vidoleni kama ulimbo, na kiungo kilikuwa kinavuta hewa. Kizito hakuwa ameuza hata tone.

Mchana huo huo alipanda pikipiki yake hadi Kitale, akamgongea Gathoni, mwenye duka la mipira, ambaye hafungui Jumapili.

"Mama Emmy, hata Mungu alipumzika!" Gathoni alimfokea kutoka dirishani.

"Mungu hakuwa na boti Nzoia. Fungua."

Gathoni akamletea mpira wa kumwagilia maji. Akaukataa: petroli ingeulainisha. Akamletea wa rangi ya chungwa, wa gesi ya kupikia. Akaukataa pia. Mwishowe Rispah aliingia mwenyewe chini ya meza akatoka na roli nyeusi yenye maandishi ya petroli ubavuni. Akaubana kwa kidole na gumba kwa nguvu zake zote, haukubonyea. Akakata ncha na kutazama ndani ya ukuta wake, akaona nyuzi zilizosukwa. Kisha akatoa mfukoni kile kichuma cha injini ambapo mpira huvalishwa, akakiingiza. Kiliingia kwa kusukumwa, bila kulegea. Akachukua na klampu nne za chuma, za kubana viungo badala ya blada.

Sasa Jumatatu Rispah amefika, na Mzee Ngige yuko ndani ya boti na mtungi wa petroli, akijaza tangi yeye mwenyewe ili pasiwe na wizi tena. Kizito alikuwa amesimama pembeni na mdomo uliovimba, wazazi wawili wa wanafunzi wamemshika mikono, wakingoja polisi. Kiti cha dereva kilikuwa kimepewa mpwa wa Ngige, ambaye injini ya boti alikuwa ameiona kwa mara ya kwanza Ijumaa.

"Fundi, fanya haraka uwashe," Ngige alisema. "Saa inaenda."

Rispah hakupanda. Aliweka mkoba chini.

"Mzee, muachilieni huyo kijana kwanza."

"Hiyo si kazi yako."

"Ni yangu. Hakuiba kitu. Mpira wangu ndio ulizima injini. Niliweka ya boda."

Kisha mama mmoja aliyekuwa botini Jumamosi akamjia hadi karibu na uso.

"Kwa hivyo ni wewe ulitaka kutuua? Na jana ulikuwa kwa kanisa unaimba!"

"Nilikuwa."

"Ati nilikuwa! Huna haya?"

"Niko nayo, dada. Ndio maana nasema."

Wale wazazi wakamwachia Kizito mikono. Nilitarajia amshukuru. Alitema mate kando, akamtazama Rispah.

"Jana ungesema, Mama Emmy. Nimelala na huu mdomo."

Rispah aliinamisha kichwa, akapanda botini, akaanza kukata. Alivalisha mpira mpya, akakaza klampu, akahakikisha kile kipira cha kukamua mafuta, kilicho katikati ya tangi na injini, mshale wake umeelekea kwa injini. Saa moja kasoro kumi akataka boti libaki limefungwa kwenye mti, injini iwashwe na mafuta yafunguliwe hadi mwisho kwa dakika tano. Wazazi walipiga kelele. Mimi pia nilipiga kelele, nakiri. Yeye alishika saa mkononi na hakuangalia mtu. Dakika tano ziliisha. Mpira ulikuwa mviringo vile vile. Ngige akaongeza petroli kidogo, akakaza kifuniko cha tangi na kila kilichokazika juu yake.

"Kizito ndiye ataendesha," Rispah alisema akishuka.

"Na wewe utapanda," yule mama akasema. "Kama unaamini mpira wako, panda."

Rispah hajui kuogelea. Alipanda.

Tulikuwa tisa na Kizito, wanafunzi sita wa kwanza, mimi na Rispah. Katikati, pale mkondo unapovuta kuelekea mkuyu ule, injini ikakohoa. Msichana mmoja akaanza kusali kwa sauti. Macho yote yakamwendea Rispah.

Aliushika mpira: mgumu, mviringo. Akashika kipira cha kukamua: kimenywea, kinavutwa ndani. Nilimwona akifikiri, na sijawahi kuona mtu akifikiri kwa kasi namna ile.

"Tangi haipumui!" alipiga kelele. "Kizito, kofia ya tangi! Ile tundu ya juu imefungwa!"

Kizito alinyoosha mkono, akafungua kile kiskrubu kidogo juu ya kifuniko. Hewa ikaingia kwa mluzi. Kipira kikajaa. Injini ikakohoa mara ya mwisho, ikashika, na pua ya boti ikageuka tena kuelekea ng'ambo.

Wanafunzi waliruka kwenye tope wakakimbia. Kizito alibaki ameshika ule mkono wa injini.

"Ni Ngige alikaza," alisema. "Sasa tunarudi nimwambie mbele ya watu, aone vile inauma."

"Utamwambia," Rispah alisema. "Tukishavusha wale nane."

Tulirudi. Kabla boti haijagusa ukingo, Ngige alikuwa anauliza kwa sauti mbona injini ilikohoa, ni mpira wa nani tena. Kizito akaonyesha kile kiskrubu kwa kidole, akaeleza kwa maneno manne tu. Nilimsubiri mzee aseme "ni mimi." Alirekebisha kofia yake, akaanza kuhesabu wanafunzi. Mpaka leo hajasema, na bado ni mwenyekiti.

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na mbili. Wanafunzi nane walipanda. Rispah alibaki nchi kavu, akijifuta petroli mikononi kwa majani, watu wamempisha kama mgonjwa. Kizito alishika kamba ya kuwashia, lakini hakuivuta.

"Mama Emmy."

"Nini?"

"Panda bana. Bila wewe siendi."

Yule mama wa Jumamosi alisogea, akampa mkono ili asiteleze.