Makumbi ya Kitanda cha Dada Zuhura

Harufu ya makumbi ya nazi yaliyooza matopeni haina mfano wake duniani, na kwa hilo namshukuru Mungu. Wanaoijua kwa kusimuliwa husema inafanana na ya mayai viza. Hawajaijua hao. Yai viza unalitupa, unanawa mikono, yamekwisha. Makumbi yalikufuata mpaka nyumbani, yakakaa chini ya kucha na kwenye mizizi ya nywele, ukila wali unakula nayo. Sisi wa Mtoni, tuliokulia kwenye mashamba ya minazi karibu na mikoko enzi za Mwingereza, tulikutana na harufu hiyo kila mwaka masika yakikatika na kipupwe kikianza kuuma asubuhi. Ndio uliokuwa msimu wa kazi zote za kuchukiza. Tuliezua makuti yaliyooza, tukatimuliwa na nge waliojificha humo, tukakandika upya kuta zilizobomolewa na mvua. Kisha ikaja zamu ya kufukua makumbi.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa msokotaji kamba aliyejulikana hadi Mbagala. Kazi ile huanza kwa kufukia makumbi ya nazi kwenye tope, mahali ambapo maji ya bahari hupwa na kujaa, yakae humo mwaka mzima mpaka yaoze na kubaki nyuzi tupu, ndio usumba. Yakifukuliwa hupondwa kwa rungu, huoshwa, huanikwa, kisha husokotwa kamba. Ukieleza hivyo inasikika kazi safi. Haikuwa safi. Tope lilikuwa jeusi kama masizi, lilifika kiunoni, na kila ukivuta kumbi moja linatoa pumzi usoni mwako kama mtu mwenye jino bovu. Kwenye chuo cha Kurani wenzangu walinipa jina la Tatu Makumbi, na nikiingia na juzuu yangu walijiziba pua kwa ncha za kanga. Mama alinifukizia ubani nguo zangu, lakini wahenga walishasema, la kuvunda halina ubani. Nilikuwa na miaka kumi, na nilichukia makumbi kuliko nilivyomchukia mtu yeyote.

Mwaka huo Dada Zuhura alikuwa anaolewa na kijana wa Pugu. Kwetu binti hakwenda kwa mumewe bila kitanda, na kitanda hakikuondoka nyumbani mpaka shangazi wa bwana harusi aje akikalie mbele ya wanawake wote. Kikimpokea vizuri hupigwa vigelegele. Bibi aliapa kwamba kamba ya kitanda hicho ataisokota yeye, na makumbi yake aliyafukia siku ileile posa ilipokubaliwa. Lakini kipupwe kilipofika mguu wake ulikuwa umevimba, hawezi kushuka matopeni. Akaniita.

"Mke mwenzangu," alinitania kama kawaida yake, "leo mie nimekuwa mzigo. Nenda wewe. Ya Zuhura ni yale ya ndani, penye mti mrefu. Haya ya huku ukingoni usiyaguse, nimeyafukia juzijuzi kabla ya masika. Bado mabichi."

Nilikwenda. Nikaingia mpaka magotini, tope likanimeza mguu mmoja, kitu chenye miguu mingi kikanipanda pajani. Nilitapika. Nasema wazi, nilitapika, kisha nikalia kwa hasira, kisha nikatazama ule mti mrefu kule mbali na nikaona siwezi. Nikarudi ukingoni nikafukua yale mabichi. Yalikuwa ya hudhurungi, magumu, na harufu yake ilivumilika. Niliyaponda siku mbili kwa nguvu zangu zote kulekule, nikayachambua, nikayaosha, na nyumbani nikapeleka usumba uliokwisha kuanikwa ili yasionekane makumbi yenyewe. Nilijiona mjanja kweli.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, akifanya kazi kwa vidole tu. Aliushika usumba ule, akausugua.

"Mbona mgumu hivi?"

"Jua kali, Bibi."

"Umeyatoa penye mti?"

"Ndiyo, Bibi."

Hakuniuliza tena. Angeniuliza mara ya tatu labda ningesema, lakini aliniamini, na akaanza kusokota. Ilimchukua wiki tatu. Viganja vyake vilichubuka mpaka vikatoa damu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, naye akacheka kwamba uzee umemlainisha ngozi. Akakiwamba kitanda mwenyewe, akiwa amekaa chini na mguu wake mbovu ameunyoosha. Mvumilivu hula mbivu, alikuwa akituambia huku akikaza.

Shangazi wa bwana harusi alikuja na wanawake wa kwao, mama mnene mwenye maneno matamu. Wanawake wakapanga mstari, mtu akashika ngoma. Shangazi akakisifu kitanda, akakunja kanga zake, akakaa. Kwanza tulisikia sauti ndogo ya kukwaruza. Usumba usiooza haushikani, huachana nyuzi kwa nyuzi, na kamba ile iliachana toka kichwani mpaka miguuni. Yule mama akatumbukia katikati, makalio yakagonga sakafu, miguu ikabaki juu ya mfumbati, ule mti wa ubavuni mwa kitanda. Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Aliinuliwa, akajifuta vumbi, akasema, "Sie tulikuja kwa heri. Kama bibi harusi kawambiwa kitanda cha namna hii, na atakuwa kafunzwa namna gani?"

Zuhura alikimbilia ndani. Bibi aliomba apewe kipande cha kamba, akakipapasa kwa muda mrefu mbele ya watu wote. Nilisimama hatua mbili kutoka kwake. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Akasema taratibu, "Mikono yangu imekufa. Nisameheni."

Harusi ilifungwa, kitanda kikiwa kimewambwa upya kwa kamba zilizoletwa kutoka kwa watu wengine. Bibi aliishi miaka sita zaidi na hakusokota kamba tena, hata ya kufungia mbuzi. Majirani waliokuwa wakija kuagiza aliwaambia waende kwa mwingine. Yale makumbi ya penye mti, mazuri, yaliyokwisha kuiva, hakuna aliyeyafukua.

Leo hakuna anayefukia makumbi Mtoni. Kamba ni za nailoni, vitanda ni vya magodoro, na maji yale yamejaa mifuko ya plastiki na uchafu wa viwanda. Wajukuu wangu wakipita hujiziba pua, nami huwaambia hawajui kunuka ni nini. Lakini mwaka jana tulikutana kwa Dada Zuhura, sote wazee, naye akawasimulia watoto kisa cha shangazi aliyetumbukia kitandani. Nyumba nzima ikaangua kicheko. "Masikini Bibi," akamalizia, akijifuta machozi, "alizeeka bila kujijua." Watoto wakanigeukia, wakauliza kama kweli Bibi alikuwa ameshachoka hivyo.

Nikawaambia ndiyo.