Laini ya Mwanza Niliyoogopa Kuiachia

Nakumbuka asubuhi moja pale Musoma, miaka ile sukari ilipokuwa ya kupanga foleni, nikiwa opereta mpya wa simu. Mwanangu, juzi uliponiambia kwamba kompyuta ya kazini kwenu ikiomba taarifa Mwanza na mtandao ukigoma, inakaa inangoja tu mpaka kazi za wengine wote zinakwama, nilicheka. Kosa hilo nililifanya mimi kabla hujazaliwa.

Kuipata Mwanza siku hizo ilikuwa bahati. Ungeweza kuita tangu saa mbili ukaambulia mikwaruzo, kwa hiyo aliyeipata hakuiachia. Siku hiyo niliipata. Nikasoma agizo la sukari ya duka la ushirika, karani wa kule akasema nisubiri kidogo. Halafu kimya. Taa ya Bunda ikawaka kwenye ubao wangu wa simu, ishara kwamba wanaita, ikazima, ikawaka tena. Niliiona kabisa, ila niliogopa nikigeuka tu, Mwanza itanitoroka.

Akaingia Mama Bhoke, mkuu wetu, mpole lakini si wa kuchezea.

"Unamngojaga nani muda wote huo, binti?"

"Mwanza, mama. Wamesema nisubiri."

Akachomoa waya wa Mwanza mwenyewe, akachomeka wa Bunda. Nesi wa kule alikuwa analia: kuna mama anajifungua, anatokwa damu nyingi, gari la wagonjwa litoke Musoma haraka. Tukamuunganisha na hospitali. Mchana Bunda wakapiga kusema gari lilifika, mama na mtoto wazima. Nililia kwa furaha, na sioni aibu kukwambia.

Mwanza ilipopatikana tena nikataka kulisoma agizo upya. Mama Bhoke akanishika mkono. "Uliza kwanza kama walisikia." Nikauliza. Kumbe sukari ilishapakiwa kwenye lori; ningelisoma tena, wangepakia mara mbili!

Basi, mwanangu, ipangie kompyuta yako muda wa kungoja. Muda ukiisha bila jibu, iachie laini, ihudumie wengine, ipumzike kidogo ndipo ijaribu tena. Na isirudie agizo kabla ya kuuliza kama la kwanza lilifika, maana pengine lilifika, ni jibu tu lililopotea njiani.

Mungu akubariki kazini kwako, na akujalie kila taa inayokuita uiwahi, kama tulivyoiwahi ile ya Bunda.